Taa za shamba kwenye trekta dogo: halojeni, viboksi vya LED au ile LED ndefu?

Kabla hujashuka Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi kununua taa, panda juu ya trekta lako usiku, washa taa zake za mbele, alafu geuka nyuma uangalie rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka kukata udongo. Huoni kitu. Trekta dogo kazi yake karibu yote iko nyuma, rotaveta, plau, haro, tela, lakini kiwandani wamelipatia macho ya mbele tu, na sisi tukipata hela ya kuongeza taa tunaenda kuongeza hukohuko mbele ambako tayari kulikuwa na mwanga wa kutosha kufikia mwisho wa jaruba. Kwahiyo ulinganisho wangu naufanya nikiwa na upande tayari: taa ya kwanza kununua ni ya nyuma, na inatakiwa itawanye mwanga, sio irushe mbali. Mengine yote ni kuchagua aina.

Naongelea haya ya farasi 18 mpaka 40 hivi, Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, used za Japani ambazo nyingi zinashuka na rotaveta yake nyuma, na hata Mahindra ndogo za Kihindi. Mwenye Massey 290 au New Holland kubwa asome tu lakini hesabu zake za umeme ni nyingine, yeye ana nafasi kubwa kuliko sisi.

Umeme ulionao ndo unaamua, sio mfuko

Matrekta madogo ya zamani mengi hayana alteneta kama ya gari. Yana dainamo ya sumaku na regulita pembeni, inatoa ampia 12 mpaka 20 hivi ukiwa umeshika mafuta vizuri, ukiachia mafuta inashuka sana. Mapya kidogo na yale makubwa ndani ya kundi hili yana alteneta ya ampia 40 hivi. Angalia kibandiko kwenye dainamo yenyewe au kitabu cha trekta, usikisie.

Chukua mfano wa dainamo ya ampia 15. Taa za mbele mbili za wati 35 zinakula kama ampia 6, weka taa ndogo za nyuma, dashibodi na koili ya kuzimia mafuta, tufanye jumla ni 8. Umebaki na 7, na humo humo betri nayo inataka chaji yake ya kurudisha ule umeme uliotumika kuwasha. Sasa njoo na halojeni nne za wati 55, kila moja inakula ampia 4.6, nne ni 18. Mahitaji yamekuwa 26 na unatengeneza 15, zile 11 zinatoka kwenye betri, na betri ya ampia-saa 45 kwa hesabu ya kwenye karatasi inaisha kwenye masaa manne, shambani ni chini ya hapo kwa sababu betri zetu nyingi zimeshachoka. Dereva akizima saa nane usiku kubadilisha blade ndo basi, mnalala hapo mpaka asubuhi. Halojeni mbili tu? Ampia 9, bado umezidisha. Viboksi vinne vya LED vya wati 18 ni ampia 6, vinaingia japo kwa kubanana, na viwili ni 3 ambazo hata dainamo haishtuki.

Ukiwa na alteneta ya 40 hadithi inabadilika, halojeni nne zinaingia na chenji inabaki. Ndo maana mtu wa Kubota kubwa anakwambia halojeni hazina shida na mtu wa Yanmar ya zamani anakwambia zinaua betri, na wote wanasema kweli.

Kipimo cha uhakika ni multimita kwenye betri, trekta likiwa kwenye mzunguko wa kazi na taa zote zinawaka. Ukisoma 13.5 na kuendelea uko salama, ukiona inashuka taratibu mpaka chini ya 12.6 injini ikiwa inaunguruma ujue unakula akiba. Acha dakika kumi hivi ndo usome, ukisoma hapohapo betri inakudanganya.

Halojeni

Zile taa za duara au za mstatili zenye balbu ya H3, wati 55. Balbu moja inatoa kama lumeni 1450 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) ikipata volti zake kamili. Uzuri wake ni kwamba balbu ipo kila duka la spea mpaka vijijini, unabadilisha mwenyewe kwa dakika mbili, na mwanga wake wa njano una faida zake kwenye vumbi, nitaifikia hiyo. Kitu kingine watu hawakisemi, halojeni inatoa joto, tope likirukia kioo linakauka na kubanduka, unyevu wa asubuhi unaisha wenyewe. LED kioo chake kinabaki cha baridi, tope linakaa mpaka ulifute.

Ubaya ni mtikisiko. Ule uzi wa ndani ya balbu haupendi kutikiswa, na trekta dogo halina springi nyuma, kila bonge la udongo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye taa. Balbu ya H3 umri wake ni masaa mia chache tu hata ikikaa kwa amani, ikikaa juu ya rotaveta punguza. Na ukibadilisha usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanachoma doa pale na balbu inakufa mapema, shika kwa karatasi au kitambaa safi.

Ubaya wa pili ni kwamba halojeni inateseka sana na waya mwembamba. Ukipitisha halojeni nne kwenye waya wa milimita 1 ya mraba wenye urefu wa mita 5, njiani zinapotea kama volti 1.6. Unaweza kusema 1.6 ni nini bwana, ila mwanga wa halojeni haushuki sawasawa na volti, unaporomoka, hapo umepoteza karibu theluthi ya mwanga wote na waya wenyewe unachemka maana haukutengenezwa kubeba ampia 18. Mtu anasema "hizi taa ni hafifu" kumbe taa nzima, waya ndo unakula. Kwa waya wa milimita 4 za mraba unapoteza chini ya nusu volti.

Kuna mafundi watakwambia weka balbu ya wati 100 kwenye taa ileile. Usikubali kwenye trekta dogo. Umeme huna, na taa nyingi za plastiki zinayeyuka kuanzia kwenye soketi.

Viboksi vya LED

Hivi ndo vimejaa kila mahali, vya mraba au duara, vimeandikwa 18W, 27W, 48W, vina mbavu za alumini nyuma za kutoa joto. Kwa trekta dogo mimi hapa ndo nasimama, ila sio kila kiboksi.

Kwanza usiamini maandishi ya kwenye boksi. LED ya kawaida ya sokoni inatoa lumeni 80 mpaka 110 kwa kila wati, kwahiyo ukiona 48W imeandikwa lumeni 10,000 gawanya tu, inakuja zaidi ya 200 kwa wati moja, huo ni uongo wa mchana. Wati nazo zinaongopewa. Muombe muuzaji aiwashe kwenye betri ya 12 na multimita ikiwa katikati usome ampia, zidisha kwa volti, ndo wati halisi. Taa ya "48W" inayokula ampia 1.5 ni taa ya wati 18, sio dhambi, ila lipa bei ya 18. Hamna mita dukani? Ipime kwa mkono, nzito ina alumini ya kutosha kupoza, nyepesi kama kopo la soda itachemka na kuanza kufifia yenyewe.

Pili angalia IP, ile namba inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP67 maana yake inavumilia kuzamishwa kwenye maji kidogo kwa muda, IP69K inavumilia kuoshwa na mashine ya presha yenye maji ya moto. Kwa mtu anayeosha trekta kwa presha kila wiki tofauti ipo kweli kweli, maji ya presha yanapenya mpira ambao mvua haipenyi. Ukishaona ukungu ndani ya kioo hiyo taa imeshaanza safari.

LED haina uzi wa kukatika kwahiyo mtikisiko inauvumilia, na yenye draiva nzuri ndani, yaani ile saketi inayoipimia umeme, inafanya kazi kuanzia volti 10 mpaka 30 bila kubadilika mwanga, yaani waya ukikula volti moja hujui hata kama imeliwa. Kwenye trekta lenye umeme wa kubabaisha hiyo ni faida kubwa kuliko lumeni.

Lakini ikifa, imekufa. Hakuna balbu ya kubadilisha, unatupa nzima. Na za bei rahisi zina tabia moja ya kuudhi, draiva zake zinatoa kelele ya umeme, ukiwasha taa redio ya FM inageuka shhhh. Anayetegemea redio usiku mzima au anayetumia GPS ya kulimia hili sio jambo dogo. Nenda dukani na redio ndogo ya betri, isogeze karibu na taa inayowaka, usikie mwenyewe. Zilizopimwa kwa kiwango cha CISPR 25 zimebanwa kelele zake, Hella na wenzake wa daraja hilo wanaandika kabisa, ila kwa bei ya Hella moja unaondoka na kapu la za Kichina. Je inalipa? Kwa trekta la kukodisha linalolima usiku msimu mzima, ndio, nunua mbili nzuri za nyuma na zimeisha. Kwa mtu wa heka tano zake anayechelewa mara mojamoja, Kichina nzito yenye IP67 inamtosha na ya akiba anaweka kabatini.

LED ndefu

Nayo ni LED tu ila ya mstari, sentimita 50 mpaka zaidi ya mita, vijana wanaipenda kwa sababu inapendeza na picha inatoka. Kwenye trekta dogo naiona kama imekosa kazi. Nyingi zina mchanganyiko, katikati inarusha mbali na pembeni inatawanya, zimetengenezwa kwa gari linalokimbia porini, sasa wewe unatembea kilomita 3 kwa saa unataka kuona mita 300 mbele za nini? Mwanga ukienda mara mbili ya umbali unabaki robo, kwahiyo taa ya kurusha mbali inamaliza nguvu zake kule kwa jirani na hapa kwenye tairi giza.

Tena pa kuifunga ni pagumu. Boneti ni nyembamba na inafunguka, kwahiyo wanaifunga juu ya lile bomba la usalama la kumlinda dereva trekta likipinduka, hapo inamulika boneti na mwanga unarudi machoni kwa dereva, na ni moja ndefu, ikipigwa na tawi la mwembe imeondoka yote. Viboksi vinne kwa wati zilezile vinakupa pembe nne tofauti, kimoja kikifa vitatu vinaendelea. Mahali pekee ningeiweka ni ile fupi ya sentimita 20 hivi ya kutawanya, chini ya bampa mbele, na hapo kiukweli imeshakuwa kiboksi.

Kubadili balbu za mbele kuwa za LED

Hii ndo njia ya haraka na wengi wanaanzia hapa. Tatizo kioo na kile kikombe cha ndani cha taa vilichorwa kwa ajili ya uzi wa halojeni ukiwa sehemu maalum kabisa, LED ikikaa milimita chache pembeni mwanga unatawanyika hovyo, unaona mweupe sana karibu na juu, pale katikati panabaki shimo la giza. Zenye feni ndogo nyuma zinavuta vumbi la shamba na feni inakwama. Faida yake ya kweli kwa trekta la dainamo ndogo ni nyingine kabisa, zinaokoa ampia tatu au nne ambazo unaweza kuzipeleka kwenye taa za nyuma. Kama ndo sababu yako, sawa. Kama unatafuta kuona vizuri, hapana.

Tochi za kuchaji zenye sumaku

Hazina waya, hazina fundi, unabandika unabandua. Kwa mtu anayekodi trekta la mwenzake au anayelima usiku siku mbili kwa msimu, sioni kwanini afunge waya. Ila zinakaa masaa machache tu kwenye mwanga mkubwa, na matrekta ya karibuni madigadi yake ni plastiki, sumaku haishiki, utazunguka nayo ukitafuta chuma. Na ikidondokea kwenye rotaveta inayozunguka, usiniulize.

Zile xenon zenye balasti nazo nazitaja tu ili usiulize, wati 35 zinatoa kama lumeni 3200, zilikuwa mfalme kabla ya LED kushuka bei. Leo balasti ikifa unahangaika, na inachukua sekunde kadhaa kufika mwanga kamili. Zipite.

Nyeupe au njano

Hapa ndo watu wanabishana kumbe kila mmoja kalima msimu wake tofauti. LED nyingi za sokoni ni 6000K na zaidi (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni njano), nyeupe ya kuelekea bluu. Kwenye udongo mweusi wenye unyevu inaonekana safi sana, unaona mstari wa plau kama mchana. Kwenye vumbi la Oktoba kabla mvua haijafika ni balaa, mwanga unagonga vumbi unarudi, unakuwa umewasha taa kwenye ukungu. Njano ya 3000K hapo inatulia, macho hayachoki.

Alafu kuna wadudu. Wadudu wa usiku wanavutwa zaidi na mwanga wa bluu na ule wa urujuani tusiouona, njano wanaijali kidogo. Mvua za kwanza, kumbikumbi wametoka, uko peke yako na LED nyeupe nne katikati ya shamba giza kilomita nzima... wanaingia kwenye shati, kwenye mdomo, wanaziba redieta. Dereva wa mpunga anajua, kule wadudu hawana msimu.

Ushauri wangu, nyuma weka nyeupe isiyopita 5000K ukiipata, kwa sababu nyuma unaangalia kina na udongo, mbele weka njano. Ukikuta muuzaji ana rangi moja tu, ipo karatasi na vifuniko vya njano vya kubandika kwenye kioo, inakula mwanga kidogo lakini inafanya kazi.

Zikae wapi

Taa ya LED ya bei ghali ikifungwa vibaya inashindwa na halojeni iliyofungwa vizuri, hili sibishani na mtu.

Za nyuma zikae kwenye bomba la usalama, kwenye miguu yake ya pembeni chini ya ile bawaba ya kukunjia, moja kila upande, zielekee kwenye rotaveta zikiwa zimeinamia chini na kupishana katikati. Pale chini ya bawaba ukikunja bomba kupita kwenye migomba au kahawa taa haigeuki kuangalia mbinguni wala haigongwi na matawi. Kama madigadi yako ni ya chuma pia ni pazuri, karibu na kazi, ila yanatikisika zaidi na tope linafika.

Na tafadhali usitoboe wala kuchomelea lile bomba. Ni la kukuokoa trekta likipinduka, nguvu yake imepimwa likiwa zima, watengenezaji karibu wote wanakataza kabisa kulitoboa au kulichomelea. Tumia klampu za U zenye mpira ndani, zinauzwa, na kama hazipo fundi wa kuchomelea akutengenezee klampu yenyewe, sio aichomelee pale.

Za mbele zikae chini na mbali na macho. Taa iliyo usawa wa kichwa chako inamulika vumbi lililo mbele ya uso wako, iliyo chini kwenye bampa au ubavuni mwa boneti inapita chini ya vumbi, na kwa sababu inapiga udongo kwa ubavu kila bonge na kila mtaro unatupa kivuli, unaona tuta lilipo. Ukiwa kwenye jaruba lenye maji kazi ni tofauti, mwanga wa chini unaangukia maji kama kioo na kukimbilia mbele wala huoni kina, hapo moja ya juu inayoangalia chini karibu na tairi inasaidia kuliko mbili za chini. Wa mpunga nyie ndo pekee ninaowaruhusu taa ya mbele kukaa juu.

Waya, hapa ndo hela iende

Chochote ulichochagua juu, usikivute kutoka kwenye waya wa taa za mbele. Ule waya ni mwembamba, fyuzi yake ni ndogo, na swichi ya dashibodi ukiiunguza spea yake ya Japani utaitafuta. Weka rilei, ile swichi ya umeme inayowashwa na waya mwembamba yenyewe ikapitisha umeme mkubwa. Waya mnene kutoka chanya ya betri, fyuzi hapohapo karibu na betri ndani ya sentimita 20 hivi, uingie pini ya 30 ya rilei, 87 iende kwenye taa, 85 iende bodi, yaani hasi, 86 ipate waya mwembamba kutoka kwenye swichi yako ambayo inachukua umeme baada ya ufunguo, ili ukizima trekta taa zizime nazo. Rilei ya kawaida ya ampia 30 inatosha kwa yote tuliyoyataja.

Viboksi vinne vya wati 27 halisi ni ampia 9, waya wa 2.5 na fyuzi ya 15. Halojeni nne, waya wa 4 na fyuzi ya 25. Ukiweza tenganisha swichi ya mbele na ya nyuma, utanishukuru siku unavuta tela.

Jambo linalosumbua kuliko yote ni bodi. Fundi anachukua hasi kwenye lile bomba la usalama kwa sababu ni chuma na lipo karibu. Lakini lile bomba limeungana na trekta kupitia bawaba yenye rangi, grisi na pini iliyolegea, umeme unapita leo kesho haupiti, taa zinapepesa ukipita kwenye bonde. Rudisha waya wa hasi mpaka kwenye betri au kwenye bolti ya chesisi iliyokwanguliwa rangi. Na pale kwenye bawaba acha waya ulegee kidogo, siku ya kukunja usikatike. Mbali na ekzosti, mbali na shafti ya PTO inayozungusha rotaveta, kila waya unapopita kwenye tundu la chuma weka mpira. Viungio vya kuzungusha na kubandika tepu vinaoza kwa msimu mmoja, tumia vya kubana na soketi za mpira zisizoingiza maji, viboksi vingi vizuri vinakuja na soketi ya Deutsch tayari.

Mwenye Ferguson TE20 au Massey 35 za mwanzo kabisa aangalie betri kwanza, zile zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndo bodi. Kama haijabadilishwa na wewe ukafunga LED kwa mazoea, haiwaki, na za bei rahisi zinaungua. Halojeni haijali. Na mwenye pawatila ambayo taa yake inawaka bila betri, ule umeme ni wa kupishana na unapanda kadri unavyoongeza mafuta, LED ya kawaida ya volti 12 usiifunge moja kwa moja, tafuta regulita na betri ndogo kwanza au baki na balbu yake.

Sasa ningekuwa wewe

Dainamo ndogo na hela ndogo: viboksi viwili vya LED vya wati 18 vya kutawanya, vyote nyuma, waya wa 2.5, rilei, basi. Mbele baki na za kiwandani, safisha vioo na ubadilishe balbu zilizochoka, utashangaa.

Alteneta ya 40 na trekta la kukodisha: viwili nyuma vya maana vya wati 27 au zaidi vya kampuni inayoeleweka, viwili vya njano chini mbele, swichi mbili. Hapa usibane hela kwenye nyuma.

Uko mbali na mji, spea zinakuja na basi la wiki: ukiwa na alteneta nzuri halojeni mbili za nyuma sio ujinga hata kidogo, balbu za H3 tano zinaingia kwenye mfuko wa shati na hakuna siku utalala giza. Huu ndo upande ambao wauzaji wa LED hawausemi.

Zinazobaki ni mbili ndogo. Ukiingia barabarani zima za nyuma, anayekuja nyuma yako akiona taa nyeupe mbili anadhani unamjia, anakukwepa upande usio wake. Na mwanga mzuri nyuma usimpe utingo ruhusa ya kusogelea rotaveta kutoa majani, hapo PTO inazimwa na injini inazimwa, taa iwe nzuri namna gani.

Siku ya kumlipa fundi, mwambie awashe zote, akunje na kukunjua bomba, atikise kila waya kwa mkono, alafu amwagie maji taa na viungio kwa ndoo mbele yako. Ikipepesa hata moja, hela inabaki mfukoni mpaka arudie.